Kabla ya kugusa karata, uliza: tunacheza nini?

Maneno haya niliyasema Jumamosi mchana hapa Kamalondo, Lubumbashi, mbele ya kikundi chetu cha karata na wageni waliotoka Katuba, Ruashi na mtaa wa Kenya. Mvua iliwazuia wengi njiani, nao wameniomba niyaweke yote yalivyokuwa. Haya hapa.

Jambo yenu, wazee wangu. Jambo, mama zangu. Na ninyi vijana mnaosimama mlangoni, ingieni, benchi la mbele lina nafasi na mimi siumi.

Nimeombwa niseme habari ya poka. Kijana aliyeniomba alikuja nyumbani na adabu zake zote, akasema, "Papa, tufundishe kanuni za poka. Saa moja inatosha." Nikacheka. Ni sawa na mtu kuniambia nimfundishe kupika, saa moja inatosha. Kupika nini? Bukari? Sombe? Samaki wa kukausha? Kila kimoja kina sufuria yake na moto wake.

Poka si mchezo mmoja, bandugu. Poka ni ukoo. Ndani yake kuna wakubwa na wadogo, kuna wapole na wakorofi, na wote wamefanana sura, hata ukikutana na mmoja njiani waweza kumwita kwa jina la ndugu yake. Na hapo ndipo watu wanapoliwa. Si kwamba hawajui poka, wanajua poka nyingine.

Kwa hiyo leo sitawapa mchezo mmoja. Nataka kila mtu atoke hapa na swali moja mdomoni: tunacheza nini? Semeni pamoja nami. Tunacheza nini? Huku nyuma sijawasikia. Tunacheza nini? Aksanti.

Mimi poka ya kwanza niliionea Kamina, sina hata ndevu. Tulikuwa safarini na baba, tukashuka pale kungoja treni ya kuelekea Kabalo. Usiku wanaume wanne walitandika kitenge juu ya sanduku, wakaanza kugawa karata tano tano. Ilikuwa poka ya zamani, ile ya kufunika. Karata tano ni zako peke yako, hakuna anayeziona. Unaweka dau, unatupa zile usizozitaka na kupewa nyingine, unaweka dau tena, mnafunua. Basi. Baba aliniruhusu nikae nyuma ya bega lake kwa sharti moja, nisibadilishe uso. "Ukicheka," aliniambia, "umeniuza."

Nilikaa pale mpaka taa ikaisha mafuta, na usiku ule nikapanda ngazi ya poka kwa mara ya kwanza. Chini kabisa ni mkono usio na kitu, unahesabu karata yake kubwa tu. Juu yake jozi. Kisha jozi mbili. Kisha tatu sawa. Kisha mfululizo, namba tano zinazofuatana. Kisha rangi moja, karata tano za pike tupu, au kere tupu, au karo, au trefle. (Kwa wageni waliokulia pwani: ninyi mnasema shupaza, kopa, uru na pao. Karata ni zilezile, msitugombeze.) Kisha fulu, yaani tatu sawa pamoja na jozi. Kisha kare, nne sawa. Na juu ya paa, mfululizo ulio wa rangi moja.

Sasa nawauliza: nani aliyeipanga ngazi hii? Kwa nini fulu imeikalia rangi moja? Mfalme gani aliamua?

Hakuna mfalme. Aliyeamua ni hesabu. Ukichukua pakiti nzima ya karata 52, mikono ya karata tano unayoweza kuitoa humo ni 2,598,960. Katika hiyo, mikono ya rangi moja ni 5,108. Fulu ni 3,744. Fulu ni adimu zaidi, basi inakaa juu. Kare ni 624 tu. Na ile mifululizo ya rangi moja, ukiihesabu yote, ni 40. Kilicho adimu ndicho chenye bei, kama sokoni. Mama wa soko la Kenya hahitaji mtu kumfundisha jambo hilo.

Lakini shikeni vizuri neno moja nililolisema hapo. Nimesema pakiti nzima. Je, pakiti isipokuwa nzima?

Hapa nitawapeleka kwenye ugomvi uliotokea si mbali na ukumbi huu, uani kwa rafiki yangu mmoja. Sitamtaja, maana yupo hapa na ameanza kuangalia viatu vyake. Tulikuwa wanne. Pakiti ilikuwa moja, na watoto walikuwa wamepoteza karata mbili, tatu ya karo na nyingine sikumbuki. Tufanyeje? Mwenye nyumba, mzee wa siku nyingi, akasema ni rahisi, tutoe ndogo zote kuanzia mbili hadi sita, tubaki na saba kwenda juu. Tukazitoa. Zikabaki 32. Tukacheza vizuri, watu wanacheka, mama wa nyumba ameleta karanga.

Ikafika mkono mmoja. Kijana wetu, mpwa wa mwenye nyumba, ameweka kila alicho nacho. "Tapi!" Mzee naye akafuata. Kijana akafunua wafalme watatu na nane mbili. Fulu nzuri kabisa. Akanyoosha mikono miwili kukusanya fungu. Mzee akamshika kifundo cha mkono, taratibu, kama unavyomshika mtoto asiguse jiko. Kwa mkono mwingine akalaza karata zake moja moja: karo, karo, karo, karo, karo. Saba, nane, kumi, valeti, asi. Rangi moja. "Yangu," akasema.

Kijana akaruka. Fulu inaipiga rangi moja! Ulimwengu mzima unajua! Akatoa simu, akaonyesha orodha. Mzee hakuitazama hata simu. Akasema, "Mwanangu, mimi nimecheza hivi kabla mama yako hajaolewa."

Nani alikuwa na haki? Haya, nyosheni mikono. Wanaosema kijana? Naona wengi. Wanaosema mzee? Watatu. Na wewe mama, umenyosha mara mbili.

Mzee ndiye aliyekuwa na haki. Sikilizeni kwa nini. Ukitoa ndogo zote, kila rangi iliyokuwa na karata 13 inabaki na nane. Umeikata miguu. Lakini kila namba bado ina ndugu zake wote: mfalme ana wenzake watatu, nane ana wenzake watatu, hakuna aliyekufa. Kwa hiyo fulu inabaki rahisi na rangi moja inakuwa ngumu. Hesabuni: kwa karata 32, fulu ni 1,344. Rangi moja ni 224 tu, hata ukijumlisha zile zinazofuatana. Ngazi imegeuka! Mliitoa wenyewe mbili na tatu na nne, halafu mnashangaa ngazi imegeuka.

Na mzee hakuitoa kanuni hiyo kichwani mwake. Huko Ulaya watu wameicheza poka ya pakiti iliyopunguzwa kwa miaka mingi, na Waitalia wana hesabu yao: chukua 11, toa idadi ya wachezaji, utapata karata ndogo ya kuanzia. Tuko wanne? 11 toa nne, saba. Tuko watano? Mnaanza na sita. Mzee wetu alifundishwa saba na babaake, na hesabu yenyewe hakuwahi kuisikia. Siku hizi tena kuna mchezo wa karata 36 unaochezwa kwa dau kubwa sana huko Asia, na huko pia rangi moja huipiga fulu. Hata tatu sawa na mfululizo hubishaniwa humo, meza hii inasema hivi, meza ile vile.

Kwa hiyo kijana alikosa nini? Kuhesabu? Hapana, shule amesoma. Alikosa kuuliza. Karata zilipotolewa mezani, mbele ya macho yake, hakuuliza: sasa tunacheza nini?

Ninyi mnaopenda historia nitawapa kidogo tu, maana bukari inapoa. Neno poka watu wengi hulihusisha na mchezo wa Wafaransa ulioitwa poque. Mchezo wenyewe tunaoujua ulikua Marekani, upande wa New Orleans na kwenye merikebu za mvuke za mto Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 19. Na mnajua pakiti yao ilikuwa na karata ngapi? 20. Kumi, valeti, malkia, mfalme, asi. Watu wanne, kila mtu tano, zimekwisha. Hakuna kubadilisha, hakuna kingine. Pakiti ya 52 ilikuja baadaye, na kubadilisha karata kukaja baadaye. Basi mtu anayekuambia poka ni moja tangu zamani, mpe kiti akae, amechoka.

Tuendelee. Ukoo huu una matawi matatu, nami huyatenga kwa kuangalia karata zimelala wapi.

Tawi la kwanza nimeshalisema, la kufunika. Zako zote umezificha.

Tawi la pili huitwa stadi. Hapo kila mtu ana zake, lakini nyingine zimelala wazi mbele yake na wote wanaziona. Ile ya karata saba unapewa mbili za kufunika na moja ya wazi, kisha tatu za wazi moja moja, na ya mwisho imefunikwa. Unachagua tano bora. Huko hakuna karata ya wote, na huko mwenye kumbukumbu ndiye tajiri. Unangoja malkia, na malkia wawili umewaona kwa jirani kabla hajazitupa? Lala, ndugu yangu. Lala mapema. Kuna jambo moja hunifurahisha sana katika stadi: watu wanane mara karata saba ni 56, na pakiti ina 52. Je, wakibaki wote wanane mpaka mwisho? Mgawaji analaza karata moja katikati, wazi, iwe ya wote. Waliotunga kanuni hawakulala usingizi.

Tawi la tatu ndilo mnalolijua kwenye simu: karata za katikati, ambazo ni za kila mtu. Texas Hold'em. Jimbo la Texas lenyewe lilitambua mwaka 2007 kwamba mchezo huo ulizaliwa katika mji wao mdogo unaoitwa Robstown, mwanzoni mwa karne ya 20. Unapewa karata mbili. Katikati zinalazwa tatu, kisha moja, kisha moja. Saba kwa jumla, unachagua tano. Unaweza kutumia zako mbili, unaweza kutumia moja, unaweza hata usitumie yoyote na kucheza zile tano za mezani. Ulimwengu ulipandwa na wazimu mwaka 2003, Chris Moneymaker, mhasibu wa kawaida aliyepata nafasi yake kupitia intaneti, aliposhinda dola milioni 2.5 huko Las Vegas. Tangu hapo kila kijana akisikia poka, anafikiri ni Hold'em.

Na hapo ndipo anapokuja ndugu yake Hold'em, sura ileile, tabia nyingine. Anaitwa Omaha.

Omaha inakupa karata nne mkononi. Katikati ni tano, kama kawaida. Kijana anatazama anasema, nzuri, mbili zaidi, bahati mara mbili. Ngoja. Kanuni ya Omaha ni hii, na nitaisema mara tatu maana kila mwaka kuna anayelia. Lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani. Mbili zako, tatu za meza. Si moja yako, si tatu zako. Mbili. Zako. Tatu. Za meza.

Mwezi uliopita tulikuwa na mgeni, mdogo wa mmoja wetu, kijana hodari wa Hold'em. Tukamwambia ni Omaha, akasema naijua. Mezani kukalala mfalme wa kere, tisa ya kere, nne ya kere, mbili ya kere na valeti wa pike. Kere nne! Kijana mkononi ana asi ya kere. Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliiona shingo yake ikipiga, tik, tik, tik. Akasukuma kila kitu. Mbele yake alikuwa yaya mmoja mpole, anayesuka nywele huku akicheza, na mkononi ana saba ya kere na sita ya kere. Yaya akafuata bila hata kuacha kusuka.

Kijana akapiga asi mezani. "Rangi moja ya asi!" Yaya akamuuliza kwa upole, "Na ya pili?" "Ya pili ipi?" "Kere yako ya pili."

Hakuwa nayo. Zake nyingine zilikuwa mfalme wa pike na kumi mbili, ya trefle na ya karo. Lazima atumie mbili zake, na kere anayo moja, basi rangi moja hana. Alikuwa na nini? Jozi ya wafalme. Jozi! Yaya alikuwa na saba na sita zake, pamoja na mfalme, tisa na nne za meza: kere tano halali. Nilimwona kijana akihesabu kwa vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni hali anajua ameuacha nyumbani.

Ndiyo sababu ukipewa asi nne mkononi katika Omaha, usipige vigelegele. Umepewa jozi ya asi, na zile mbili unazozihitaji ziwe mezani umezikalia mwenyewe.

Sasa mama zangu, nawageukia ninyi, maana sehemu hii ina mwalimu wake na ni mama. Kuna poka ambayo mshindi ni mwenye mkono mbaya. Msicheke. Ipo. Kuna stadi ya karata saba inayoitwa Razz, na humo mdogo ndiye mshindi. Asi ni moja. Mfululizo hauhesabiwi, rangi moja haihesabiwi, kinachokuharibia ni jozi tu. Mkono bora duniani ni tano, nne, tatu, mbili, asi. Unausoma kuanzia karata kubwa kushuka: mwenye saba juu anampiga mwenye nane juu.

Mama mmoja wa kikundi hiki, mwuza maindi, alikuja mara ya kwanza hajui ngazi hata moja. Wanaume wakamwambia jifunze kwanza ngazi. Mimi nikasema hapana, tuanze na Razz, hapo hana cha kusahau. Jioni ile alitunyonyoa. Wanaume walikuwa wanaona jozi ya wafalme, moyo unaruka, mkono unaweka dau wenyewe. Yeye anaona uchafu, anautupa. Mwisho akalaza sita, tano, nne, tatu, mbili. Mkono wa sita kwa ubora katika mchezo mzima. Akarudi nyumbani na bakuli limejaa.

Wiki mbili baadaye tukasema, leo pia mdogo anashinda. Mama akafurahi, mchezo wake huo. Akapata tena, kwa neema ya Mungu, sita, tano, nne, tatu, mbili! Akazilaza na kuanza kuimba. Mbele yake alikuwa mzee mwenye jozi ya nane. Mzee akachukua fungu.

Kwa nini? Kwa sababu siku hiyo tulikuwa tunacheza mdogo wa mbili-hadi-saba. Humo asi ni kubwa siku zote. Mfululizo unahesabiwa, na rangi moja inahesabiwa, na vyote viwili ni balaa. Mkono bora ni saba, tano, nne, tatu, mbili, zisiwe za rangi moja. Zile karata tano zilizomvika taji wiki mbili nyuma, siku hiyo zilikuwa mfululizo, na mfululizo unashindwa hata na jozi.

Karata zilezile tano. Mama yuleyule. Kiti kilekile. Kosa lilikuwa letu, si lake. Tulisema "mdogo anashinda" tukadhani tumemaliza. Mdogo yupi? Mama alininunia siku tatu, na alikuwa na haki.

Zipo nyingine za namna hiyo. Badugi ni karata nne, zote ziwe za rangi tofauti na namba tofauti, ndogo iwezekanavyo. Omaha ya kugawana, nusu ya fungu ni ya mkubwa na nusu ni ya mdogo, ila huyo mdogo awe na karata tano tofauti zisizozidi nane, la sivyo mkubwa anachukua yote. Hizo tutazicheza tu, kuzieleza kwa mdomo ni kupoteza mate.

Nimalizie na dau, maana huko ndiko ndugu wanakosana. Unaweza kujua karata zote na bado usijue mchezo. Je, dau lina kipimo? Kuna meza ambayo kila hatua dau lake ni maalum, unapandisha kwa kiasi kilichotajwa tu, na stadi na Razz mara nyingi huchezwa hivyo. Kuna meza isiyo na kipimo, unaweza kuweka tapi wakati wowote, na Hold'em mnayoiona kwenye televisheni ni hiyo. Na katikati yao kuna kipimo cha fungu, ambacho Omaha inakipenda: huwezi kuzidisha kuliko kilicho mezani.

Hesabu yake inawapiga chenga hata waliosoma. Katikati kuna 100. Jirani anaweka 50. Wewe unataka kupandisha mpaka mwisho. Unaweka ngapi? Nasikia 150. Nani mwingine? 200? Jibu ni 250. Kwanza unalipa 50 yake, na sasa fungu limekuwa 200. Ndipo unapandisha 200 nyingine. Hamsini na mia mbili. Kalipe kwanza, kisha pandisha.

Hapa kwetu, mnajua, hatuchezi kwa falanga. Wageni wasidhani ni utakatifu. Ni kwamba anayejifunza kanuni kwa pesa anawalipia watoto wa wengine shule. Tunatumia punje: hindi ni moja, haragwe ni kumi, karanga ni mia. Kasoro ya mpango huu mnaijua, mia zinaliwa. Tumewahi kumfukuza mtu mezani akitafuna dau.

Lakini karanga ndizo zilizotufundisha kanuni moja ya kweli ya kasino. Dau lilikuwa 20. Ndugu mmoja hana haragwe, akatupa karanga moja, kimya. Alitaka kupandisha hadi mia. Tukamwambia, hapana, umefuata tu, chukua chenji yako 80. Akakasirika, karanga yangu ni mia! Kweli ni mia. Lakini ukitupa jetoni moja kubwa, yaani punje ya kasino, bila kusema neno, inahesabiwa kwamba umefuata. Ukitaka kupandisha, fungua mdomo kwanza. Na ukishasema, umesema. "Napandisha" haimezwi.

Na mkibaki wawili, angalieni tena, meza inabadilika. Mwenye alama ya mgawaji ndiye anayetoa dau dogo la lazima, naye ndiye anayeongea kwanza kabla ya karata za katikati. Zikilazwa, anakuwa wa mwisho. Fainali yetu ya mwaka jana ilisimama dakika 20 kwa sababu hiyo, na chai ikapoa.

Mtaniambia, papa, nani anaweza kukumbuka yote haya? Hata mabingwa hawategemei kichwa tu. Kuna shindano linalozunguka michezo mitano: Hold'em, Omaha ya kugawana, Razz, stadi, na stadi ya kugawana. Mwaka 2006 huko Las Vegas kiingilio chake kilikuwa dola 50,000 na aliyeshinda ni Chip Reese. Watu wa namna hiyo, waliokula karata maisha yao yote, hukaa kwenye meza zenye kibao kinachowaambia mchezo wa sasa ni upi. Mtu amelipa dola 50,000 na bado anasomewa kibao. Sisi wa punje tunaona haya kuuliza!

Kwa hiyo nimetengeneza vibao. Ni makatoni ya sabuni, msitazame mwandiko. Meza ya dirishani ni Omaha, kipimo cha fungu. Meza ya kati ni stadi, na mtu akikaa wa nane nitabaki kuangalia kama pakiti inaisha. Meza ya mlangoni ni ya mama mwuza maindi. Kibao cha kwake ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na chini ameongeza: ASI NI MOJA. Kila mtu ana hindi 50, haragwe 20 na karanga sita. Hesabuni kabla ya kukaa. Mwenye punje iliyotobolewa na fukusi aje abadilishe kwangu sasa, si baada ya kushindwa. Na karanga, tafadhali, nimenunua za kula. Ziko kwenye sahani ile nyingine.